Uzi wa Mkono wa Somoe

Duka la Esmail sonara, mtaa wa nyuma ya soko pale Lindi, lina meza mbili. Ya ndani, nyuma ya pazia, ni ya Esmail mwenyewe, na juu yake kuna koleo, nyundo ndogo, bomba la gesi na hasira zake zote. Ya mbele ni ya dada yake, Kherbanu, na juu yake kuna mizani, kitabu cha risiti, chupa ya chai na subira. Mgawanyo huo aliufanya marehemu baba yao, mzee Mohammedraza, siku alipomsikia mwanawe akimwambia mke wa mkubwa mmoja wa mjini kwamba kidani hakina tatizo, tatizo ni shingo. Tangu siku hiyo Esmail akapigwa marufuku kusema na mteja mwenye lalamiko. Akisikia sauti zimepanda upande wa mbele, anainamisha kichwa na kuzidi kugonga.

Na malalamiko hayaishi. Mtu akinunua sufuria asiyoipenda sana, ataipikia hivyo hivyo mpaka itoboke. Lakini kitu cha kuagiza, kitu alichokiwaza miezi mitatu akiwa amelala, hakiwezi kutoka kwenye moto kikafanana na alivyokiwaza. Huyu anasema ua limepinda. Yule jirani yake kamwambia dhahabu imekuwa nyekundu mno. Mwingine ameachika na anataka fedha yake irudi, kana kwamba sonara ndiye aliyemwoza. Kherbanu, mjane wa miaka hamsini na mbili aliyerudi kwenye duka la baba yake akiwa bado kijana, alikuwa na dawa moja kwa wote: kiti, chai na masikio. Alimwacha mtu aseme mpaka amalize, hata kama ni yale yale mara tatu. Kisha, kama ugomvi ulikuwa wa kipimo, alishusha kopo la biskuti kutoka rafu ya juu.

Ndani ya kopo hilo mlikuwa na bahasha ndogo za kaki, kila moja na jina la mtu, na ndani ya kila bahasha uzi mwekundu wa pamba. Huo ulikuwa utaratibu wa mzee. Mteja akija kuagiza pete au bangili, anazungushiwa uzi, unatiwa fundo pale unapokutana, unakatwa, na unaingizwa bahashani mbele ya macho yake. Na hautupwi kazi ikiisha. Mzee Mohammedraza hakuwa mtu wa kutupa kitu, hata misumari iliyopinda aliinyoosha, na nyuzi zile alizihifadhi miaka na miaka. Wakiwabishia, alikuwa akiwaambia wanawe, watoleeni uzi.

Na uzi haukuwahi kumwangusha Kherbanu. Mwaka mmoja alikuja mwalimu Valentini, wa sekondari, amefura kwamba pete yake ya ndoa inamfinya, bila shaka sonara amemwibia dhahabu. Kherbanu akautoa uzi wake wa miaka miwili nyuma, akauzungusha kwenye kidole kile kile. Ncha hazikukutana. Mwalimu akaangalia, akacheka mwenyewe, akasema mke wake ana mkono mzuri wa kupika, akalipia kuipanua. Ndivyo ilivyokuwa siku zote: watu wananenepa, wanailaumu dhahabu, uzi unawasuta, wanacheka, yanakwisha. Katika miaka yake yote pale mezani, Kherbanu hakuwahi kuona uzi umezidi.

Somoe aliletwa dukani mwezi wa sita, ufuta ukiwa umeanza kuuzwa. Alikuja na mama yake, Mboni, mkulima wa Mchinga, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kumwita mtu aliye shamba la pili. Mchumba alikuwa Iddi, muuza vipuri vya pikipiki wa Kilwa Masoko, na katika mahari aliyotajiwa mlikuwa na bangili mbili za dhahabu. Mboni alisisitiza ziwe za mkono wa mwanawe mwenyewe, si za kununua zikiwa zimening'inia kiooni. Alitaka zile za kufunga kwa pini, zinazoushika mkono bila kuchezacheza, hina ionekane juu yake na chini yake. Gharama ilikuwa ya akina Iddi, na risiti ikaandikwa jina la shangazi yake, maana upande ule hakuna kilichokwenda bila huyo shangazi.

Msichana alikuwa na miaka kumi na tisa, amejaajaa, mcheshi. Alimwamkia Kherbanu shikamoo kwa adabu, lakini uzi ulipomgusa mkononi akaanza kucheka kwamba anatekenywa.

"Usinibane sana, mama," akasema. "Nasikia Kilwa wanakula samaki asubuhi mpaka jioni. Nitanenepa mie."

"Wote husema hivyo," Kherbanu akamjibu, "halafu wanakuja kunigombeza." Akatia fundo, akakata, akaandika juu ya bahasha: Somoe, Mchinga.

Kazi ilichukua wiki tano, kwa kuwa Esmail hakimbizwi. Zilipokuwa tayari Mboni alizifuata peke yake, maana Somoe alikuwa ameshawekwa ndani kama mwali, anasingwa na kulishwa, haonekani na watu. Mboni alizipakata zile bangili ndani ya kitambaa, akatoka dukani anatembea kama mtu aliyebeba mayai. Kherbanu alimtazama mpaka alipokata kona, akafurahi naye.

Wiki moja baadaye, asubuhi, waliingia wanawake watatu. Mbele Mboni. Nyuma yake mwanamke mwembamba, nadhifu, mwenye baibui la bei na mdomo wa kubana, ambaye alijitambulisha kuwa ndiye shangazi yake Iddi. Katikati yao msichana aliyefunikwa kanga mpaka machoni. Kumtoa mwali nje ni jambo la kulazimika, na Kherbanu alijua kabla hajaambiwa kwamba limeharibika jambo.

"Bi Kheri, mmeniumbua," Mboni alisema hata kabla ya kuketi. "Mtoto nilimleta mwenyewe mkamshika mkono. Leo tazameni kazi yenu."

Akauvuta mkono wa binti yake kutoka ndani ya kanga, akaunyanyua juu. Bangili zikatoka kwenye kifundo, zikateleza mpaka katikati ya mkono, zikagongana.

"Karibuni kiti," Kherbanu akasema. "Karibuni chai kwanza."

"Chai tutakunywa," shangazi alisema polepole. "Mimi nimekwenda Mchinga jana kumtazama mwali na dhahabu yetu, kama ilivyo ada. Nimekuta haya. Sasa ni moja kati ya mawili. Kama sonara hajui kupima mkono, arudishe fedha yetu, tutafute sonara mwingine. Na kama kipimo kilikuwa sawasawa..." Alimtazama Somoe usoni, si mkononi. "Sisi tulichumbia mtu mzima wa afya. Nikirudi Kilwa nitaulizwa."

Hapakuwa na haja ya kumalizia. Msichana akikonda karibu na harusi, kuna ugonjwa mmoja tu unaowajia watu vichwani, nao wanautaja kwa kutoutaja. Mboni alipandwa na damu usoni.

"Mtoto wangu mzima!" akasema. "Wiki ya nne yuko ndani, anakula mara tatu, uji wa ufuta, kuku, kila kitu. Mwali atakondaje? Mimi mama yake nitashindwa kuona? Hawa ndio wamekosea, na wakiri."

Kherbanu aliwamiminia chai. Somoe akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye angependa maji. Akapewa bilauri, akaimaliza bila kupumua. Akaomba ya pili, na ya tatu. Akauliza choo kiko wapi, akaenda, akarudi, akaomba maji tena, na safari hii Kherbanu akamwekea jagi zima mbele yake. Kanga ilikuwa imemteleza kichwani. Mashavu yale ya mwezi wa sita hayakuwapo, midomo ilikuwa imekauka, na macho yamekuwa makubwa. Alikunywa kama vile maji yanamwagwa kwenye mchanga.

Kherbanu aliirudisha chupa ya chai mezani. Mama yake mzazi, Farheen, alikunywa maji hivyo hivyo. Sukari ilimla mama yule miaka tisa, na Kherbanu ndiye aliyekuwa akimchoma sindano asubuhi na jioni, na kile kimashine cha kupimia bado kilikuwa ghorofani, ndani ya droo, kimefungwa kwenye taulo. Aliijua kiu ile. Angeweza kuitambua hata gizani.

"Nipe mkono, mwanangu," akamwambia Somoe, kwa sauti ya kawaida kabisa. Akamvua zile bangili, akajifanya anamkanda kidogo kifundo, kisha akaomba radhi, akachukua bangili na kopo la biskuti, akaingia nyuma ya pazia.

Esmail alikuwa amesikia yote. Aliutoa uzi bahashani, akaupitisha ndani ya bangili ya kwanza, kisha ya pili. Ulikaa barabara, fundo likagusa ncha. Akachungulia kwenye upenyo wa pazia, akautazama ule mkono uliokuwa umeshika bilauri.

"Msichana amekonda," akanong'ona. "Kakonda vibaya. Watolee uzi."

"Yule mwembamba ni upande wa mume, Bhai." Alikuwa akimwita hivyo kaka yake tangu utoto.

"Kwa hiyo?"

"Nikiutoa huu uzi, harusi inafia hapa hapa dukani. Na jina la yule mtoto linazikwa nayo."

"Na usipoutoa, mimi ndiye nisiyejua kupima mkono wa mtu. Miaka arobaini, Kherbanu! Kesho Lindi nzima itasema Esmail amepofuka." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Na huyo mtoto mwenyewe? Anakunywa maji kama mama."

"Nimeona. Nitampigia mama yake simu leo jioni, akiwa peke yake. Nitamwambia yote."

Alimaanisha. Lazima hilo lisemwe kwa haki yake: aliposema vile, alimaanisha.

Akatoka mbele ya pazia, akaziweka bangili mezani, akainamisha kichwa kama mwenye deni. "Tumekosea sisi," akasema. "Kipimo tulikifuata vibaya. Kaka yangu macho yameanza kumsumbua, na mimi sikuhakikisha. Mtuwie radhi. Ujira wa kazi tunaurudisha wote leo. Bangili zitapunguzwa sasa hivi, bila malipo, na vipande vitakavyokatwa mtavikuta hapa ndani ya bahasha ya Somoe, ni mali yenu, mtavichukua mtakapopenda."

Nyuma ya pazia nyundo haikulia.

Shangazi aliupima uso wa Kherbanu kwa kitambo. Alionekana kama mtu aliyekuja na mzigo akakosa pa kuutua. Mwishowe akasema basi, kama wamekiri wenyewe hakuna neno, binadamu hukosea. Mboni alishika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, akimwambia shangazi si unaona, si nilikwambia. Akamshika Kherbanu mabega, akamwita muungwana mbele ya watu waliokuwa wakipita barazani. Hivyo ndivyo Kherbanu alivyomaliza lalamiko lile, na kama mtu angemuuliza saa ile, angesema amelimaliza vizuri kuliko yote aliyowahi kuyamaliza.

Esmail alimpima Somoe upya, kwa uzi mpya. Uzi huo nao ukaingia bahashani pamoja na wa kwanza, na baadaye vipande viwili vya dhahabu, kila kimoja upana wa kidole. Wakati anafungwa bangili zilizopunguzwa, Somoe alimwinamia Kherbanu sikioni.

"Ahsante, mama," akasema. "Mie nilishaanza kuogopa. Nilidhani ni mimi."

Kherbanu alimpa chupa kubwa ya maji ya njiani.

Jioni ile alipiga simu kwa namba aliyoiacha Mboni dukani. Haikupatikana. Kule Mchinga mtandao una tabia zake. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na binti wa binamu yao, Hawra, alifika kutoka Dar es Salaam na watoto, nyumba ikajaa. Siku ya tatu Kherbanu alikaa na simu mkononi akitafuta maneno ya kuanzia, na kila aliloliokota lilikuwa na uongo wake ndani. Aseme hawakukosea? Basi alimdanganya mama wa watu machoni. Aseme walikosea, lakini mpime mtoto? Kwa nini apimwe, kama walikosea? Akaiweka simu. Siku ya tano simu ikalia yenyewe, na alikuwa Mboni.

"Nakupa shukrani tu, Bi Kheri! Yule mama ameondoka hana la kusema. Mambo shwari."

"Alhamdulillahi," Kherbanu akasema. Kisha akajikaza. "Mama Somoe, yule mtoto... bado anakunywa sana maji?"

Mboni akacheka. "Mwali amefungiwa chumba cha bati mwezi mzima, asinywe maji?"

"Nilikuwa nafikiri, labda mngempeleka akapimwe. Hivi tu. Kwa usalama."

"Hospitali? Harusi iko mlangoni? Si ndiyo nitakuwa nimewapa wenyewe maneno ya kusema?" Sauti ya Mboni ilishuka. "Bi Kheri, kuna kitu umekiona? Maana wewe mwenyewe ulisema zilikuwa bangili."

Hapo ndipo palikuwa mahali. Kherbanu alisimama dirishani ghorofani, simu sikioni, na droo yenye kile kimashine ilikuwa nyuma yake hatua tatu. Alifungua mdomo. Akaifikiria ile furaha aliyoisikia sasa hivi, na jinsi angetakiwa kuivunja, na jinsi jina lake la uungwana lingevunjika nalo.

"Ni kweli," akasema. "Zilikuwa bangili."

Somoe alikufa siku ya kumi na moja tangu alipotoka dukani, zikiwa zimebaki siku nne kabla ya harusi. Kherbanu alizipata habari kwa Debora, muuza mbogamboga anayechukua nazi zake Mchinga. Walisema alianza kutapika, na wenyewe wakadhani ni wasiwasi wa bibi harusi. Kisha akawa anahema kama aliyekimbia, na mdomo unanuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Wakadhani malaria, wakadhani husuda. Walipomfikisha hospitali alikuwa hajui aliko. Sukari ilikuwa imepanda mpaka mashine ikashindwa kuisoma. Daktari aliuliza swali moja tu, alisema Debora: huyu amekonda tangu lini? Na mama yake akajibu kwamba hakukonda, zilikuwa bangili kubwa.

Kherbanu alilipa mchicha, akapanda ghorofani, akakaa kitandani mpaka magharibi. Esmail alimletea chai, ikapoa. Hakumwambia nilikwambia, na Kherbanu alitamani amwambie.

Hitima ilipopita, Mboni alikuja na kaka yake. Likwata alikuwa mkulima wa korosho, mtu wa maneno machache, na kwao mjomba ndiye mwenye usemi wa mwisho juu ya watoto wa dada yake. Aliamkia, akaketi, akazitoa zile bangili mbili kwenye mfuko wa shati, akaziweka mezani. Mboni alikaa kando yake. Yule mwanamke wa sauti ya shamba la pili alikuwa amejikunja, anatazama miguu yake.

"Nikaha haikufungwa," Likwata alisema. "Kwa hiyo dhahabu ya watu inarudi kwa wenyewe, na wanaitaka kwa uzito ule ule wa kwenye risiti. Nimeambiwa vipande vilivyokatwa viko hapa."

"Viko," Kherbanu akasema. Akashusha kopo. Alipoigeuza bahasha, vilianguka vipande viwili vya dhahabu, na pamoja navyo nyuzi mbili nyekundu.

"Jambo la pili," Likwata akaendelea, hajaziona bado. "Huyu dada yangu ananyooshewa vidole na kila mtu. Shemeji zake, majirani, hata wale waliokuja kula msibani. Wanasema mtoto aliisha mbele ya macho yake na yeye anapika pilau ya harusi. Yeye anajibu kwamba sonara mwenyewe alikiri kukosea. Mimi nimekuja kulisikia hilo kwa masikio yangu, nipate la kuwajibu. Mlikosea, au hamkukosea?"

Pazia likafunguka. Esmail, ambaye kwa miaka mingi hakuwahi kusema na mteja mwenye lalamiko, akaja mpaka mezani, mikono myeusi ya kazi.

"Nilikosea mimi," akasema. "Ni macho yangu haya. Mama hana kosa."

Kherbanu alimtazama kaka yake. Alijua bei ya maneno yale kwa mtu kama Esmail. Mlango ulikuwa wazi mbele yake, apite tu. Mboni angerudi nyumbani na jibu la kuwafunga watu midomo. Lakini macho ya Mboni yalikuwa yameshafika kwenye zile nyuzi.

"Mbona hazilingani hizi?" Mboni aliuliza.

"Bhai, acha," Kherbanu akamwambia Esmail. Kisha akamgeukia Mboni. "Ni vipimo vya mkono wake. Huu mrefu ni wa mwezi wa sita. Huu mfupi ni wa siku ile mliyokuja na yule shangazi. Hatukukosea, Mama Somoe. Bangili zilikuwa sawasawa na uzi. Mkono ndio uliokuwa umepungua. Niliona, na maji aliyokunywa niliyaona, na ugonjwa ule niliujua, maana ndio uliomuua mama yangu. Nikadanganya ili yule mwanamke asivunje harusi. Nilikusudia kukwambia baadaye. Ukanipigia simu, ukaniuliza, nikadanganya tena."

Likwata alisimama. Kiti kikaanguka nyuma yake. Esmail alisogea, akifikiri dada yake atapigwa, lakini Mboni aliinua mkono na kaka yake akabaki pale aliposimama.

Mboni alizivuta nyuzi mbili, akazinyoosha juu ya meza, moja kando ya nyingine, vichwa sawa. Akaweka kidole chake pale ule mfupi ulipoishia, kikaziba nafasi yote mpaka kwenye fundo la ule mrefu.

"Hiki ndicho kilichokuwa kimeondoka siku ile," akasema. "Kidole tu."

"Ndiyo."

"Na siku kumi na moja zilikuwa zimebaki." Alisema kama anayesomea mtu mwingine barua. "Kutoka kwetu kuja hapa ni nauli ya basi dogo. Na hapa kwenda hospitali ni kwa miguu."

"Mama Somoe, niliogopa kukuaibisha."

"Ungeniaibisha," Mboni akasema. Hakupandisha sauti, na Kherbanu angetoa chochote ili aipandishe. "Ungeniaibisha tu, Bi Kheri. Harusi ingevunjika. Yule mama angenitangaza Kilwa nzima kwamba binti yangu ana ugonjwa. Ningelia hapa hapa kwenye kiti chako. Halafu ningerudi nyumbani na mwanangu."

Esmail alifungua droo ya fedha, akatoa zote zilizokuwamo, akazisogeza upande wa Mboni, akisema bila mpango kwamba atarudisha kila kitu, dhahabu, kazi, kila kitu. Likwata alichukua bangili na vile vipande viwili, kwa kuwa vilikuwa mali ya watu. Fedha hakuna aliyeigusa.

Mboni aliukunja ule uzi mrefu, akaufunga kwenye pindo la kanga yake, mafundo mawili. Alipofika mlangoni Kherbanu akamwita, akamwonyesha kwamba amesahau mmoja.

"Huo sio wangu," Mboni akasema. "Huo mfupi ni wa kwenu."